Mzunguko Uandikwe Kuanzia Mwisho Wake

Tarehe 31 Desemba 2008, watu waliokuwa na Zune ya gigabaiti 30, kifaa cha kusikilizia muziki kilichouzwa na Microsoft, waliwasha vifaa vyao vikaganda kwenye picha ya kufungulia na kukataa kuendelea. Havikuwa vimeanguka wala kuingia maji, na hakuna aliyevitia programu mpya usiku huo. Ushauri wa kampuni ulikuwa kwamba betri iachwe iishe kabisa, mwenye kifaa asubiri hadi baada ya saa sita mchana ya tarehe 1 Januari kwa saa za Greenwich, kisha akichaji na kukiwasha. Waliofanya hivyo walivikuta vifaa vyao vizima. Kilichovigandisha kilikuwa mzunguko mmoja mfupi, au lupu kama wengi wetu tunavyouita kazini, yaani maagizo ambayo kompyuta huyarudia hadi sharti la kusimama litimie, uliokaa katika sehemu ya programu inayoshughulikia saa na tarehe.

Sehemu hiyo ilipewa idadi ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1980, nayo ilipaswa kutambua tumo katika mwaka gani na ni siku ya ngapi ya mwaka huo. Nikiuandika kwa maneno yetu, na nikiuita mrefu mwaka wenye siku 366, mzunguko wenyewe ulikuwa hivi:

wakati siku > 365:
    ikiwa mwaka ni mrefu:
        ikiwa siku > 366:
            siku = siku - 366
            mwaka = mwaka + 1
    vinginevyo:
        siku = siku - 365
        mwaka = mwaka + 1

Tuufuate kwa kalamu. Tukiihesabu tarehe 1 Januari 1980 kuwa siku ya 1, tarehe 31 Desemba 2008 inakuwa siku ya 10,593. Mzunguko unaondoa mwaka mmoja mmoja, kuanzia 1980 hadi 2007, yaani miaka 28 ambayo saba kati yake ni mirefu, na unapoingia mwaka 2008 siku zilizobaki mkononi ni 366. Sharti la juu linauliza kama 366 inazidi 365. Inazidi, basi tunaingia ndani. Mwaka 2008 ni mrefu? Ni mrefu. Je, 366 inazidi 366? Haizidi. Kwa hiyo hakuna kilichopunguzwa na hakuna kilichoongezwa, tunarudi juu tukiwa na 366 ileile na 2008 uleule, na sharti la juu linauliza tena swali lilelile. Kifaa hakikuwa kimezimika. Kilikuwa kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, kikizunguka mahali pamoja. Siku iliyofuata idadi ilipopanda hadi 10,594, siku zilizobaki zikawa 367, zikaondolewa 366, ikabaki siku ya 1 ya mwaka 2009, na kila kitu kikaendelea kana kwamba hakikutokea kitu.

Modeli hiyo ilianza kuuzwa Novemba 2006, kwa hiyo mwisho wa 2008 ulikuwa mwisho wa kwanza wa mwaka mrefu kuukuta ikiwa mikononi mwa wanunuzi. Kwa zaidi ya miaka miwili msimbo huo, yaani maandishi ya programu, ulitoa jibu sahihi kila siku. Ndiyo maana siridhiki mtu anaponiambia kwamba mzunguko wake ni mzuri kwa sababu ameujaribu ukafanya kazi. Majaribio ya mwaka mzima yasingeuona ubovu huu kama siku moja iliyohusika haikuwa ndani yake, lakini dakika tano za kusoma njia moja baada ya nyingine, tukiuliza katika kila njia ni kitu gani kimepungua, zingeuona.

Marekebisho ya haraka yanayomjia mtu kichwani ni kubadilisha sharti la ndani, badala ya kuuliza kama siku zinazidi 366, liulize kama zinafika au kuzidi 366. Mzunguko utaisha, ni kweli. Lakini katika ile siku ya 10,593 tutaondoa 366 kutoka 366, tubaki na siku ya 0 ya mwaka 2009, na kifaa kitamwambia mwenyewe kwamba leo ni tarehe 0 Januari. Tumeondoa ubovu uliojitangaza kwa kugandisha kifaa, tukaweka ubovu unaopita kimya kimya na kuharibu tarehe, na kwa maoni yangu huu wa pili ni mbaya zaidi. Marekebisho ya kweli ni mafupi kuliko msimbo wa awali:

wakati siku > urefu(mwaka):
    siku = siku - urefu(mwaka)
    mwaka = mwaka + 1

Humu urefu(mwaka) ni idadi ya siku za mwaka huo, njia ni moja tu, na kila anayeipita anaacha siku zimepungua kwa 365 au 366. Haiwezekani kuingia ndani na kutoka mikono mitupu.

Hoja yangu katika makala hii inatokana na mistari hiyo mitatu. Mwandishi wa programu anapaswa kuandika mzunguko akianzia mwisho wake: aamue kwanza jambo gani litakuwa kweli mzunguko utakapoisha, kisha atafute ni kitu gani kinapungua kila awamu, yaani kila maagizo yanaporudiwa mara moja, kuelekea mwisho huo, ndipo aandike kazi yenyewe. Wengi wetu tumezoea kinyume chake. Tunaandika kazi kwanza kwa sababu ndiyo inayovutia, halafu tunaweka sharti la kusimama kama mtu anayekumbuka breki baada ya gari kushika mteremko.

Wazo hili lina wenyewe. Wanasayansi wa kompyuta Robert Floyd mwaka 1967 na Tony Hoare mwaka 1969 walionyesha namna ya kuthibitisha usahihi wa programu kwa hoja, kama hesabu inavyothibitishwa, na katikati ya njia yao kuna kauli ambayo lazima iwe kweli kabla ya mzunguko kuanza na ibaki kweli kila awamu inapokamilika. Katika mfano wetu kauli hiyo ina sehemu mbili: siku zilizokwisha kuondolewa zikijumlishwa na zilizobaki ni sawa na siku tulizopewa, na zilizobaki hazipungui chini ya 1. Sehemu ya pili ndiyo inayoyafichua yale marekebisho ya haraka, kwa sababu yanaacha 0. Hatuhitaji kuandika alama za kimantiki kila tunapofanya kazi ya ofisini, lakini sentensi moja ya Kiswahili juu ya mzunguko, inayosema ni jambo gani haliguswi kila awamu, inamfaa msomaji wa msimbo kuliko maelezo kumi yanayorudia kile ambacho msimbo umekwisha kukisema.

Wachezaji wa bao wanayajua haya kwa vidole vyao, hata kama hawajawahi kugusa kompyuta. Mchezaji anachukua kete za shimo na kuzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata. Ule ni mzunguko ambao mwisho wake unaonekana tangu mwanzo, kwa sababu kete zilizo mkononi zinapungua kwa moja kila shimo, na mkono ulioshika kete sita utakuwa mtupu baada ya mashimo sita. Lakini mzunguko huo umo ndani ya mwingine. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, kwa kawaida mchezaji anaendelea, ama kwa kula ama kwa kuzichukua zilizomo na kugawa tena, na anasimama pale kete ya mwisho inapoangukia shimo tupu, ndipo husemwa amelala. Katika mzunguko huu wa nje hakuna kitu tunachoweza kukinyooshea kidole tukasema kinapungua kila awamu. Kete ni 64 na zinabaki 64, zinahama tu katika mashimo 32. Na kweli iko mipangilio ya kete ambayo mtu akifuata kanuni bila kukosea ugawaji hauishi kamwe.

Tofauti hiyo, kati ya mzunguko wenye kitu kinachopungua na mzunguko unaosubiri jambo litokee, ndiyo tofauti kubwa kuliko zote katika somo hili, na inazidi kwa mbali tofauti ya kama mtu ametumia neno for au neno while, maneno mawili ambayo lugha nyingi za programu huanzishia mzunguko. Mzunguko wa aina ya kwanza unaweza kuachwa ujiendee. Wa aina ya pili unahitaji mlinzi. Mwanahisabati Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba hakuna utaratibu mmoja unaoweza kupewa programu yoyote na kusema kwa uhakika kama itasimama au haitasimama, kwa hiyo wajibu wa kutoa sababu ya kusimama kwa mzunguko wako hauwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mashine. Ni wako wewe uliyeuandika.

Nililipia somo hilo. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ya kuwatumia ujumbe mfupi wanachama wa kikundi cha akiba na mikopo, kuwakumbusha tarehe ya mchango. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, nami nikaweka mzunguko: wakati uthibitisho haujarudi, tuma tena. Usiku mmoja ujumbe ulikuwa ukitoka vizuri na kufika, lakini uthibitisho ndio uliokuwa haurudi. Kabla ya alfajiri mweka hazina wa kikundi alinipigia. "Mwanangu," aliniambia, "simu yangu haijanyamaza tangu saa nane, na ujumbe ni huohuo. Watu wananiuliza kama wanadaiwa. Kuna nini?" Niliinuka nikauzima mzunguko kwa mkono, na kesho yake nilienda kuomba radhi, kwa sababu mama yule alikuwa ameshinda akijibu maswali ambayo hayakuwa yake.

Kosa langu halikuwa kurudia kutuma. Nilidhani kwamba kushindwa kutuma na kukosa jibu ni jambo moja, na nikaufunga mwisho wa mzunguko wangu kwenye tukio lililokuwa mikononi mwa mtu mwingine. Mzunguko wa kujaribu tena unapaswa kuwa na idadi ya mwisho ya majaribio, uwe na kusubiri kunakoongezeka kati ya jaribio na jaribio, na kila ujumbe uwe na namba yake ili unaporudiwa utambulike kuwa ni uleule. Waliobuni Ethernet, teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa waya ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1976, walilifahamu hilo mapema. Katika utaratibu wake wa kushiriki waya mmoja, kadi mbili za mtandao, yaani vipande vinavyoiunganisha kompyuta na waya, zikituma kwa pamoja na kugongana, kila moja husubiri muda wa kubahatisha, na upeo wa muda huo huongezwa maradufu kila mgongano unaporudiwa, huacha kuongezwa baada ya mara ya kumi, na baada ya majaribio 16 kadi hukata tamaa na kutoa taarifa ya kushindwa. Kukata tamaa kumeandikwa ndani ya kanuni. Katika mzunguko wangu hakukuwapo.

Mipaka nayo inasumbua, hasa pale hesabu inapokosea kwa moja tu. Lugha yetu inaibeba tofauti hiyo ya moja ndani yake. Majina ya siku, kuanzia Jumamosi hadi Jumatano, yanahesabu kutoka moja: mosi, pili, tatu, nne, tano. Lakini leo, kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo yanahesabu kutoka sifuri, kwa sababu leo iko umbali wa siku sifuri kutoka leo. Leo ikiwa Jumamosi, Jumatano ni siku ya tano kwa jina na ni mtondogoo, siku ya nne, kwa umbali. Hesabu zote mbili ni sahihi, na mzunguko unaharibika pale mwandishi anapoanza na moja na kumaliza na nyingine. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika waraka mfupi mwaka 1982 akitetea kwamba mfululizo wa namba uandikwe kwa kuujumuisha mwanzo na kuuacha nje mwisho, kwa kuwa hapo mwisho ukitolewa mwanzo unapata idadi bila kuongeza wala kupunguza moja, na mfululizo mmoja unapokomea ndipo mwingine unapoanzia. Nimeifuata kanuni hiyo kwa miaka na sijaona sababu ya kuiacha. Afadhali zaidi ni kutohesabu kabisa: lugha nyingi za leo zinakuruhusu kusema "kwa kila mwanachama katika orodha" bila kutaja namba, na namba isiyoandikwa haiwezi kukosewa.

Hata hivyo orodha inayopitiwa isiguswe inapopitiwa. Katika lugha ya programu ya Python, ukimwondoa mwanachama wa tatu wakati umesimama kwake, wa nne anasogea kuwa wa tatu, nawe unaendelea na nafasi ya nne, kwa hiyo huyo aliyesogea hakaguliwi. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Jenga orodha mpya ya wanaobaki.

Mzunguko unaweza pia kuisha vizuri, ukatoa jibu sahihi, na bado ukawa mbaya, kwa sababu ya kile unachokirudia. Mwaka 2021 mchezaji mmoja wa Grand Theft Auto Online, mchezo uliokuwa ukijulikana kwa kuchukua dakika kadhaa kufunguka, aliamua kuchunguza kwa nini. Alikuta mchezo unasoma faili la megabaiti 10 hivi, lenye orodha ya vitu takriban 63,000 vinavyouzwa ndani yake. Kila mara programu ilipotaka kusoma neno moja au namba moja kutoka kwenye faili hilo, kazi ya maktaba iliyotumika, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa ambao programu huuita kwa jina, ilianza kwa kupima urefu wa maandishi yote yaliyosalia, herufi kwa herufi hadi mwisho, ndipo isome hicho kidogo kilichotakiwa. Kisha kila kitu kilichosomwa kililinganishwa na vyote vilivyotangulia kuhakikisha hakijaingizwa mara mbili, ingawa havikuwa na kurudiwa. Vitu 63,000 vikilinganishwa kila kimoja na vilivyokitangulia ni ulinganisho unaokaribia bilioni 2. Alirekebisha mambo hayo mawili, na muda wa kufunguka ukapungua kwa karibu asilimia 70. Kampuni ya Rockstar, yenye mchezo huo, ilithibitisha ugunduzi wake, ikamlipa dola 10,000 na kutoa toleo lililorekebishwa.

Ninachokipenda katika mfano huu ni kwamba aliyeandika msimbo ule hakuandika mzunguko wa pili kwa macho yake. Aliandika mmoja tu, na wa pili ulikuwa umejificha ndani ya kazi aliyoiita kwa jina. Ndivyo inavyotokea kwetu kila siku na hifadhidata, ghala la taarifa ambalo programu huliuliza maswali. Mtu anaipitia orodha ya wanachama 500, na ndani ya mzunguko anauliza hifadhidata salio la kila mmoja. Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 4. Kwenye mashine yake, yenye wanachama kumi wa kujaribia, haoni kitu. Kwa wanachama 500 ni sekunde 2 za kusubiri tupu, wakati swali moja linaloomba salio za wote kwa pamoja lingeleta jibu lilelile kwa safari moja. Kabla ya kuweka wito wowote ndani ya mzunguko, mwandishi ajiulize kama nao una mzunguko ndani yake, na kama jibu lake linabadilika kutoka awamu hadi awamu. Lisilobadilika likae nje.

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni ya wabobezi, na kwamba anayeanza aachwe kwanza afurahie kuona alama zake za nyota zikipangika pembetatu kwenye kioo, zoezi la mzunguko wanalopewa wanaoanza. Ninaelewa furaha hiyo na sitaki kumnyima mtu. Lakini nimewafundisha vijana wanaoanza, na nimeona kwamba swali la mwisho wa mzunguko haliwachoshi. Niliwapa ule msimbo wa Zune bila kuwaambia historia yake, nikawataka wachore jedwali la safu mbili, siku na mwaka, na kujaza mstari mmoja kwa kila awamu, kuanzia 732 na 1980. Siku 732 za kuanzia mwaka 1980 zinaishia mwisho kabisa wa 1981 na kuingia siku moja ya 1982, kwa hiyo jedwali likawatoka bila shida: 732 na 1980, 366 na 1981, 1 na 1982. Kisha nikawapa 366 na 1980. Binti mmoja aliandika mstari wa kwanza, akaandika wa pili ulio sawa na wa kwanza, akaandika wa tatu, akasimama na kusema, "Mwalimu, hii haina pa kwenda." Hakuwa bado anajua kuandika mzunguko kwa lugha yoyote.

Kenya iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari, na pande zote za ukanda wetu vijana wanaingia kwenye fani hii wakiwa wadogo kuliko tulivyoingia sisi. Ningependa mitihani yao iwe na swali la namna ile: msimbo mfupi, jedwali tupu, na nafasi ya kuandika kwa sentensi moja kwa nini mzunguko huu utasimama au hautasimama. Na atakayeieleza sababu hiyo kwa usahihi apewe alama zake zote, hata kama amesahau nukta pacha mwishoni mwa mstari.